Waingereza wa Meza Yako

Papa,

Umeshinda.

Nimeanza na matokeo kwa sababu nakujua. Hata mpira hukuwa na subira nao. Watu wakipiga kelele kule uwanjani Ellis Park, ulikuwa unatoka karakana na msumeno mkononi, unauliza nani amefunga, kisha unarudi kwenye ubao wako. Basi nakuambia kabla ya jambo lingine lolote: umeshinda, tena mbele ya mdogo wako Sadiki, tena ndugu zetu wa Uvira wakisikiliza kwenye simu. Sasa kaa vizuri nikusimulie.

Jana tulifunua jiwe la kaburi lako. Watu wa hapa wakishazika husubiri, halafu hurudi na jiwe lililofunikwa shuka, na kulifunua kwa nyimbo. Sisi tukaunganisha na kuondoa matanga kama kwetu, ili wageni wasije mara mbili na mimi nisipike mara mbili. Najua ungekubali. Ungeuliza tu kama nyama ilitosha, na ningekujibu kwamba ilitosha na nyingine ikabaki.

Siku hiyo nilikuwa naiogopa tangu tulipokuzika. Sijui mtu akiwa ndani ya sanduku anasikia kiasi gani cha yale yanayoendelea huku juu, kwa hiyo acha nikuambie kilichotokea wakati ule. Nimekaa na jambo hilo moyoni mwaka mzima, na leo tu ndiyo naweza kuliandika.

Kwetu mzee haendi kaburini bila utani wa wajukuu. Mjukuu anavaa koti la marehemu, anaiga mwendo wake, na kama ni msichana anamwita babu yake "bwana yangu" na kumsema vibaya kwa mapenzi, mpaka watu waliokuwa wanalia waanze kucheka. Wewe ndiye uliyenisukuma mbele tulipomzika babu kule Uvira. Nikavaa kofia yake ikanifunika macho, nikamlaumu kwamba ameniacha mjane hata meno ya mbele sijaota. Ulicheka machozi yakikudondoka kidevuni. Jioni ile uliniambia kwamba mzee asipotaniwa na wajukuu wake, anaondoka kama mgeni tu aliyepita njia.

Sasa siku yako, pale makaburini, watu wakauliza wajukuu wako wapi. Riziki, binti yangu wa kwanza, akasogea mbele na koti lako la bluu la kazi mabegani, mikono imefika magotini. Maneno alikuwa nayo, Papa, nilimsikia akiyajaribu bafuni. Akafungua mdomo. Akamtazama Baba mdogo Sadiki aliyesimama upande wa pili wa shimo. Akaufunga. Kisha akasema kwa Kiingereza kwamba hawezi, akakimbilia kwenye gari, na mdogo wake Neema akamfuata. Baba mdogo akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Muone sasa. Muzee anaenda kama mutu asiye na wajukuu." Udongo ukaanza kumwagwa.

Sikulia hospitalini vile nilivyolia pale.

Kwa nini mtoto alimtazama Sadiki unajua, lakini naandika yote, maana Riziki amesema ataitunza barua hii, na siku moja atataka kuisoma akiwa na watoto wake. Kwa hiyo lazima nimtaje Yonasi. Bila Yonasi hakuna meza, na bila meza hakuna jana.

Ulikuwa kijana bado, fundi wa kusukuma randa, kanisa moja la Wamarekani lilipoleta mafundi kuezeka shule karibu na Uvira. Yonasi alikuwa mmoja wao, mtu mrefu mwenye ndevu za kidevuni na mdomo wa juu umenyolewa. Alizaliwa kati ya wale watu wa Marekani wanaotembea kwa vigari vya farasi, wanaovaa kama mababu zao na hawataki umeme nyumbani. Yeye alikuwa amehamia kanisa la jirani linaloruhusu kusafiri kwa ndege, ndiyo maana akafika kwetu. Lakini lugha yao hakuiacha. Ni Kijerumani cha nyumbani, ambacho Mjerumani wa Ujerumani akikisikia anakuna kichwa. Yonasi alikuwa akikiongea hata na mbao. Msumari ukipinda, Kijerumani. Akipima boriti, Kijerumani. Chakula kikiiva, anaweka mikono mdomoni na kuita: "Kum esse!" Njoo ule.

Ulitusimulia hayo kila ulipokuwa na gundi inayosubiri kukauka. Kwamba watu wa Yonasi kila mmoja ana lugha tatu na hazigombani. Kiingereza ni cha shule na sokoni. Kijerumani cha zamani ni cha Biblia na nyimbo za kanisani. Na hicho cha tatu hakina mwalimu wala darasa, hata vitabu vyake ni vya kutafuta kwa tochi. Ni cha mezani, cha kukamulia ng'ombe, cha kumkaripia mtoto aliyevunja sahani. Walihamia Marekani zamani sana, enzi za babu wa babu wa mababu zao, na kila kizazi wanatokea wasomi wa kutangaza kwamba lugha hiyo sasa inakufa. Wasomi wanakufa wao, na lugha inaendelea kuita watoto wakale.

Ulimuuliza Yonasi, kwa Kiswahili kidogo alichokuwa ameokota, siri ni nini. Akasema hakuna siri, sisi tunakula pamoja. Ukamuuliza, sasa mtu anajuaje kama lugha yake ni nzima? Akakuambia: ukipita nyuma ya zizi ukasikia watoto wanagombana, na wanagombana kwa lugha hiyo, na hawajui kama kuna mtu mzima anasikiliza, basi nenda kalale usingizi wako. Jibu hilo ulilipenda kuliko yote.

Na kilichokuchekesha mpaka uzeeni ni kwamba kwa watu wale kila asiye wao anaitwa Mwingereza. Mmarekani wa jirani, Mwingereza. Polisi, Mwingereza. Hata wewe, Papa, seremala wa Uvira ambaye wakati huo hukujua salamu moja ya Kiingereza, Yonasi alikuita Mwingereza.

Kisha vita vikatutoa Uvira. Mama tulimwacha amezikwa kule, na sisi tukashuka nchi kwa nchi mpaka hapa Johannesburg, mtaa wa Bertrams, kwenye nyumba hii yenye gereji ya nyuma uliyoigeuza karakana. Mimi nikaweka cherehani yangu dirishani, nikaolewa na mlinzi wa usiku. Riziki akazaliwa, Neema akazaliwa. Wakasikia Kiswahili chetu chote na kutujibu kwa Kiingereza, na wao kwa wao wakiongea Kizulu cha mtaani. Mimi nikafungua darasa la Jumamosi kanisani, na ubao mweusi, na chaki za rangi. Watoto waliimba irabu vizuri ajabu, halafu wakatoka uani kucheza kwa Kizulu. Ulikuja mara moja ukakaa nyuma, na tulipokuwa tunarudi ukasema maneno mawili tu, "Yonasi angecheka." Nilikununia mpaka nyumbani. Nilitaka kukuambia ufungue darasa lako tuone.

Ukalifungua. Ukaokota mbao za mapaleti na viti vya kanisa vilivyokufa, ukatengeneza meza ndefu inayochukua chumba chote, hata mlango wa kabati ukawa haufunguki vizuri. Ukatangaza sheria moja. Anayetaka kitu mezani anakiomba kwa Kiswahili, kizima au kibovu au chenye viraka, ni sawa. Anayeomba kwa lugha nyingine anapewa pia, ila ataitwa Mwingereza mpaka kesho yake. Na kila jioni ukasimama mlangoni na penseli sikioni ukaita mtaa mzima usikie, "Kum esse, Waingereza!"

Watoto wakapenda wazimu huo. Zanele, binti wa jirani, mama yake Mzulu na baba yake Mzulu, alikuja kwa ajili ya maharage akabaki kwa ajili yako. Umeme ukikatwa ulikuwa unawasha mshumaa na kusema leo tumekuwa watu wa Yonasi kweli, bado farasi tu. Neema akawa anaomba umeme ukatwe. Hakuna darasa la Jumamosi lililowahi kuombewa hivyo.

Halafu Baba mdogo Sadiki. Anatoka dukani kwake Diepsloot kila Jumapili na soda za watoto, na moyo wake ni mzuri, sitamsema. Lakini anakipenda Kiswahili kama mtu anavyopenda viatu vya harusi, havitakiwi kugusa ardhi. Siku ile Riziki alikuwa na njaa, maneno yakamtoka yenyewe: "Babu, nipatie ile sosi, mi niko na njaa mbaya, eish!" Sisi wote tukaendelea kula. Sadiki akaweka kijiko chini akacheka mpaka akajifuta macho. "Kiswahili ya wapi hiyo? Ya kwa robot?" Yaani Kiswahili cha pale kwenye taa za barabarani, ambako wauza chaja wanapigia madereva kelele. Hakukusudia kumuumiza. Mtoto akashusha macho kwenye sahani, na kuanzia siku hiyo mezani akawa anaonyesha kwa kidole. Akaona afadhali aitwe Mwingereza kila siku kuliko kuchekwa mara ya pili.

Ulimkasirikia mdogo wako kama sijawahi kukuona. Ulimwambia lugha ya Yonasi imejaa Kiingereza kila pembe, na hakuna mama wa kule anayemcheka mtoto wake kwa hilo, ndiyo maana watoto hawaachi kuongea. Sadiki akakujibu kwamba Yonasi hayupo. Akasema lugha ile uliitunga mwenyewe kwa uchovu wa randa, na hicho "kum esse" chako hakuna binadamu anayekisema duniani. Mkabishana mpaka soda zikaisha baridi.

Ni Riziki aliyekutetea, unakumbuka? Wiki zako za mwisho, pale hospitalini, amekaa ukingoni mwa kitanda na simu yake, anatafuta, anatafuta, hasemi anatafuta nini. Ghafla ikatoka sauti ya mwanamke. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani, nadhani ni wa kanisa kama lile la Yonasi lisilokataa ndege wala simu, anakanda unga, anaeleza mambo kwa lugha ambayo mimi sikushika hata neno. Wewe ulikuwa umefumba macho. Yakafunguka. Mwishoni mwanamke akageuka kuwaita watoto walioko nje ya picha, na akawaita vilevile kabisa ulivyokuwa ukituita wewe. Papa, uliinuka. Wewe ambaye manesi walikuwa wanakugeuza wawili wawili. Ukamwambia Riziki amuulize yule mama kama anamjua Yonasi! Ukairudia picha ile mpaka simu ikazimika, ukawa unasema tu, "Wako. Bado wanaongea." Kisha ukamshika mkono mjukuu wako. "Na wewe utaongea, bibi yangu. Siku yangu utaongea."

Akaitikia kwa kichwa. Ndiyo maana aliposhindwa pale kaburini alikimbia.

Baada ya mazishi alikuwa analia na koti lako kitandani. Mezani hakuja tena, akala chumbani. Baba mdogo naye akaja na mpango. Alisema kwa siku ya kuondoa matanga asituaibishe mtu, atampigia simu mjukuu wake aliyeko Uvira, mtoto wa Kiswahili safi, autoe utani kwenye video na kila mtu asikie. Ilikuwa njia yake ya kukuheshimu, najua. Lakini kukuazimia mjukuu! Wewe uliyewalisha wajukuu wa mtaa mzima! Sikuwa na nguvu za kubishana. Nilisema sawa kwa mdomo tu.

Nililoweza kufanya ni moja. Ubao mweusi wa darasa nikawaachia watu wa kanisa wauandikie matangazo ya ibada. Jioni nikaweka sufuria mezani, nikasimama mlangoni pako, nikaona haya kidogo, kisha nikaita, "Kum esse, Waingereza!" Sauti yangu si kama yako. Lakini Neema alikuja, na Zanele akaruka ukuta.

Hivyo hivyo jioni baada ya jioni, mlango wa Riziki umefungwa. Mpaka siku moja Zanele akaanza kusimulia kwa Kiswahili chake habari ya mbwa wa hapa kona, aliyeingia kwenye harusi na kutoka na kuku mzima mdomoni. Kiswahili kilikuwa kinachechemea lakini kinatembea. Tatizo ni kwamba habari yenyewe aliiharibu. Alianza na mwisho, akamsahau bwana harusi, akamweka mbwa juu ya paa. Mlango ukafunguka. Riziki akatoka na sahani yake mkononi, amekasirika. "Wewe Zanele, si vile! Mbwa hakupanda paa, bwana harusi ndiye alipanda!" Akakaa. Akaisimulia yote, na mikono, na mlio wa mbwa, na mama wa bibi harusi akikimbia na kiatu kimoja. Yote kwa Kiswahili, chenye "eish" zake na "sharp" zake, viraka vyote ulivyoruhusu. Neema alicheka mpaka akakohoa maharage. Mimi nikainama chini ya meza nikajifanya natafuta kifuniko cha chumvi. Hakuna aliyemsifu wala kumwambia "umeona unaweza". Watu wa Yonasi wasingemsifu mtoto kwa kuongea, wangemwongezea chakula. Nikamwongezea.

Tangu hapo hakukosa mezani. Lakini habari ya jana hakuitaja, na mimi sikuuliza. Niliogopa kuuliza.

Sasa jana yenyewe. Tulijaa, Papa. Watu wa Uvira, wa Fizi, Warundi wa kanisani, wateja wako wa makabati, mama yake Zanele na kofia ya manyoya. Shuka likatolewa, jina lako likaonekana, kina mama wakapiga vigelegele. Kikafika kipindi cha wajukuu. Baba mdogo akainua simu yake juu kwa mikono miwili, na kwenye kioo akaonekana mtoto wa Uvira amevaa shati jeupe, nyuma yake ukoo wote umejazana kwenye makochi. Akaanza, "Babu yetu mpendwa, tunakukumbuka leo." Kiswahili safi, kweli kabisa. Alisema kama anasoma risala. Hakuna aliyecheka.

Nikaona watu wanapisha. Riziki anakuja na koti lako, safari hii ameikunja mikono vizuri mpaka kwenye viwiko. Penseli sikioni. Futi yako ya chuma mkononi. Anatembea kama wewe, bega moja mbele, anaguna kila hatua tatu. Kina mama wakaanza kuzibana mbavu kabla hajasema kitu. Akafika mbele ya simu, akakigonga kioo kwa penseli.

"Ngoja kwanza, mtoto wa Uvira. Asante kwa kuja. Lakini huyu bwana ana bibi yake hapa."

Papa, mtoto wa Uvira ndiye aliyecheka wa kwanza.

Riziki akageukia jiwe. Akalipima kwa futi, urefu, upana, akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akatikisa kichwa kama ulivyofanya kwenye meza za watu wote duniani. "Imepinda. Nani fundi wa hii?" Watu wakapasuka. Akapiga magoti akaongea na wewe karibu karibu, lakini kwa sauti ya kufika Soweto. "Eish, bwana yangu! Mwaka mzima umelala, hata kugeuka hujageuka. Mwanaume gani mvivu hivi? Ulisema utanioa nikimaliza primary. Nimemaliza, niko high school, nimekuja na koti na penseli, wewe uko wapi? Ulinipatia kitanda ukasema ndiyo mahari. Kitanda ile inalia! Nikigeuka, kwiii. Nikipumua, kwiii. Mama anafikiri nafuga panya. Na najua huko ndani hutulii. Najua unagonga sanduku usiku na mchana unasema hii si mvule, hii ni takataka ya dukani, nitolewe nitengeneze ingine!"

Nilimshika mama yake Zanele, ambaye hakuelewa neno na alikuwa analia kwa kicheko kama sisi, na binti yake anamtafsiria kwa Kizulu akiwa amechelewa vichekesho viwili nyuma. Kwenye simu makochi ya Uvira yalikuwa yanapinduka. Nilimsikia shangazi akipiga yowe, "Huyo ni wetu! Huyo ni wetu kabisa!" Na Sadiki, Papa, mdogo wako, amechuchumaa chini na simu bado ameiinua juu kwa mkono mmoja ili Uvira wasikose, mkono mwingine amefunika uso, mabega yanaruka. Sikujua anacheka au analia. Nadhani na yeye hakujua.

Riziki akainuka, akajipangusa magoti. Utani ulikuwa umekwisha, sisi tukafikiri umekwisha. Akaweka mikono mdomoni, akaita kwa sauti yako ya mlangoni, ile ya kusikika mtaa mzima.

"Kum esse, Waingereza!"

Kisha akamnyooshea Sadiki penseli. "Wewe wa kwanza."

Tukarudi Bertrams kula. Meza tuliitoa uani, tukaivunja fremu ya mlango kidogo, utanisamehe, uliijenga kubwa kuliko nyumba. Baba mdogo akakaa mwanzoni kama alivyoamriwa. Akaonja nyama, na kwa mazoea yake ya ubwana akaomba pilipili kwa Kifaransa. Neema, mdogo kuliko wote, akamtazama usoni: "Mwingereza!" Nilifikiri atakasirika. Akavua kofia, akaiweka juu ya goti, akasema, "Mupaka kesho?" Neema akamjibu mpaka kesho. Basi alikula mpaka mwisho akiitwa Mwingereza na watoto wote, na alipoondoka aliniambia mlangoni, kwa sauti ndogo, kwamba labda huyo Yonasi alikuwepo. Kesho yake ni leo, na amepiga simu asubuhi kuuliza kama adhabu yake imekwisha.

Ndiyo hivyo, Papa. Hukupita njia kama mgeni. Umetaniwa vizuri kuliko babu, na nasema hivyo mimi niliyemtania babu. Mtu mmoja mwenye ndevu alikuita Mwingereza juu ya paa la shule, ukalibeba neno hilo nchi zote hizi, ukalitengenezea meza, na mjukuu aliyezaliwa Johannesburg akaita nalo watu chakulani mbele ya ukoo wako. Kama umekutana na Mama huko, mweleze, na umwambie kitanda cha Riziki nitakitia gundi.

Nakuahidi meza haitatoka katika nyumba hii, hata tukihama itabidi tuhame na mlango. Nakuahidi kwamba sitamcheka mtoto yeyote anayeomba sosi. Nitaita kila jioni mpaka sauti yangu ifanane na yako, na nikishindwa ataita Riziki. Pumzika sasa, seremala wangu, acha kulipima hilo jiwe.

Nilikuwa nataka kufunga barua hapa, lakini kuna kelele. Ni Jumapili asubuhi, wageni wameondoka, baba yao bado hajarudi kutoka lindoni, na watoto wanadhani niko kanisani, maana nilitoka nikarudi kimya kimya kupitia mlango wa karakana ili nikuandikie. Riziki na Neema wako chumbani wanagombania kitana. Neema anasema ni chake, alikinunua yeye. Riziki anamwita mwongo, mwizi, kichwa cha ufagio. Sasa Neema amemtupia kitu, nimesikia kimegonga ukuta. Anamwambia atamshtaki kwa mama.

Kwa Kiswahili, Papa. Wote wawili, neno kwa neno, na hawajui kama kuna anayewasikiliza.

Sitakwenda kuwaamua.

Binti yako,
Furaha